Haki Kazini, Uchovu wa Kazi na Saa Zinazopotelea Mtandaoni

Tangu kompyuta na simu za mkononi zilipoenea katika ofisi, viwanda na shule za nchi hii, lipo lalamiko moja la waajiri linalorudiwa katika vikao vingi. Mfanyakazi, husemwa, hulipwa kwa siku nzima, lakini sehemu ya siku hiyo huitumia kusoma habari za mpira, kuzungumza na jamaa zake kwa WhatsApp, kutazama picha za harusi au kuendesha biashara yake ndogo kwenye intaneti. Dawa inayopendekezwa nayo huwa ni ile ile: tovuti zifungwe, simu zikusanywe asubuhi na kurudishwa jioni, na kompyuta ziwekewe programu ya kuhesabu kila kitufe anachobonyeza mfanyakazi.

Makala haya yanatetea rai iliyo tofauti. Utafiti wa miaka mingi katika saikolojia ya kazi na elimu ya afya unaonyesha kwamba matumizi binafsi ya intaneti kazini, yanapozidi kiasi, mara nyingi ni dalili. Na kwamba maradhi yenyewe yafaa yatafutwe kwanza katika mizani ya haki baina ya mwajiri na mwajiriwa. Mwajiri anayefunga intaneti kabla ya kuikagua mizani hiyo anafanana na mganga anayevunja kipimajoto ili homa ya mgonjwa ishuke.

Jambo hili lina uzito kwa walimu na wanafunzi wa sekondari. Walimu ni wafanyakazi hivi sasa, na wanafunzi watakuwa wafanyakazi, wasimamizi au waajiri baada ya miaka michache. Aidha, suala lenyewe ni mfano mzuri wa namna sayansi inavyoweza kulichunguza jambo ambalo watu wamezoea kulihukumu kwa hasira tu.

KUTEGEA NI JAMBO LA ZAMANI

Neno kutegea lilikuwamo katika lugha ya Kiswahili kabla kompyuta haijaingia ofisini. Vivyo hivyo mgomo baridi, yaani hali ya wafanyakazi kufika kazini kwa wakati, kusaini daftari la mahudhurio, kisha kufanya kazi polepole kwa makusudi. Intaneti imeleta njia mpya ya kutegea. Haikuleta kutegea kwenyewe.

Mmoja wa watu wa kwanza kuliandikia jambo hili kwa nia ya kisayansi alikuwa Frederick Winslow Taylor, mhandisi wa Marekani, ambaye kitabu chake juu ya misingi ya usimamizi wa kisayansi kilitoka mwaka 1911. Taylor hakuwa mtetezi wa wafanyakazi. Alitaka kila mjongeo wa mkono upimwe kwa saa, na mfanyakazi atende kama alivyoelekezwa. Hata hivyo, yeye mwenyewe aliona kwamba kutegea ni kwa aina mbili. Ya kwanza hutokana na tabia ya mwanadamu ya kupenda raha. Ya pili, ambayo aliiona kuwa nzito zaidi, hutokana na hesabu za wafanyakazi wenyewe. Waliolipwa kwa kila kipande cha kazi walikuwa wamejifunza kwamba wakiongeza bidii, mwajiri atapunguza malipo ya kipande kimoja, na mwisho watafanya kazi nyingi kwa ujira ule ule. Kwa hiyo walipunguza mwendo ili kujilinda.

Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mtu aliyekuwa mkali mno kwa wategaji alikiri kwamba chanzo kikubwa cha kutegea kilikuwa kukosekana kwa imani juu ya malipo ya haki.

UCHOVU WA KAZI NI NINI

Kila afanyaye kazi huchoka, na usingizi wa usiku mmoja au mapumziko ya mwisho wa juma humrudishia nguvu. Uchovu unaozungumzwa hapa ni wa aina nyingine. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa jiji la New York, aliandika juu ya hali aliyoiona kwa watu waliojitolea katika zahanati ya bure. Walianza kazi kwa moyo mkubwa, na baada ya muda walikauka kama taa iliyokwisha mafuta. Baadaye Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akishirikiana na Susan Jackson, alitunga kipimo cha hali hiyo kilichochapishwa mwaka 1981, nacho kimetumika katika nchi nyingi.

Kipimo hicho huchunguza mambo matatu. La kwanza ni kuishiwa nguvu, hasa nguvu za moyo: mtu huamka asubuhi akiwa tayari amechoka. La pili ni kujitenga na watu anaowahudumia: muuguzi humwona mgonjwa kama kitanda namba kumi, na mwalimu huwaona wanafunzi kama rundo la madaftari. La tatu ni kupoteza imani kwamba kazi yake ina faida yoyote.

Mwezi Mei mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza maelezo ya hali hii katika toleo la kumi na moja la orodha yake ya magonjwa, nayo orodha hiyo ilianza kutumika rasmi Januari 2022. Shirika hilo halikuuita uchovu huu ugonjwa. Liliueleza kuwa ni jambo linalotokana na kazi, yaani matokeo ya shinikizo la muda mrefu kazini ambalo halikudhibitiwa ipasavyo. Maelezo hayo yana maana kubwa, kwani yanaelekeza macho kwenye mahali pa kazi, wakati ambapo desturi ilikuwa kumtazama mfanyakazi peke yake na kumwambia ajikaze.

Ni kitu gani basi katika mahali pa kazi? Maslach na mwenzake Michael Leiter, katika kitabu chao cha mwaka 1997, walitaja maeneo sita: wingi wa kazi, uwezo wa mfanyakazi kuamua namna ya kuifanya, malipo na shukrani, ujamaa baina ya wafanyakazi, haki, na kulingana kwa maadili ya mtu na ya taasisi. Msomaji aone kwamba wingi wa kazi ni eneo moja tu kati ya sita. Mtu anaweza kubeba mzigo mzito kwa muda mrefu akijua kwamba umegawanywa kwa haki. Na anaweza kuelemewa na mzigo wa wastani akijua kwamba mwenzake ameachiwa bila mzigo kwa sababu ni jamaa ya mkubwa.

MIZANI ILIYOMO KICHWANI

Katika miaka ya 1960 J. Stacy Adams, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa nadharia iliyo rahisi kueleweka. Kila mfanyakazi, alisema, hubeba mizani kichwani. Upande mmoja huweka anachotoa: muda, ujuzi, jasho, utii. Upande wa pili huweka anachopata: mshahara, cheo, heshima. Kisha huulinganisha uwiano huo na wa wenzake. Akiona amepunjwa, huona uchungu, na uchungu huo humsukuma kutafuta usawa. Anaweza kuomba nyongeza, anaweza kuacha kazi. Na ikiwa yote mawili hayawezekani, anaweza kupunguza anachotoa. Njia iliyo rahisi kuliko zote ya kupunguza anachotoa ni kupunguza muda.

Wataalamu waliofuata waligawa haki kazini katika mafungu matatu. Lipo fungu la mgawo, yaani nani anapata nini. Lipo fungu la utaratibu, yaani uamuzi ulifikiwaje, na kama kanuni ile ile iliwahusu wote. Na lipo fungu la heshima, yaani mtu alielezwaje na alitendewaje alipopashwa habari za uamuzi huo. Waajiri wengi hudhani haki ni fungu la kwanza tu, na kwa kuwa fedha hazitoshi, huona hawana la kufanya. Ushahidi unawakanusha.

VIWANDA VITATU

Mwaka 1990 Jerald Greenberg alichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika viwanda vitatu vya kampuni moja huko Marekani. Kampuni ilikuwa imepoteza mikataba, na katika viwanda viwili ililazimika kupunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa muda wa wiki 10. Kiwanda cha tatu hakikupunguziwa kitu, na hivyo kikawa cha kulinganishia.

Katika kiwanda cha kwanza wafanyakazi waliitwa mkutanoni na kuelezwa kwa kirefu. Walionyeshwa hesabu za kampuni, waliambiwa kwamba hatua hiyo ilichukuliwa ili asipunguzwe mtu hata mmoja, viongozi walionyesha masikitiko yao, na maswali yalijibiwa mpaka yakaisha. Katika kiwanda cha pili mkutano ulikuwa mfupi, maelezo yalikuwa haba, na masikitiko hayakuonekana. Punguzo la mshahara lilikuwa sawa katika viwanda vyote viwili.

Kisha ulipimwa wizi wa vifaa na mali za kiwanda. Katika kiwanda cha kulinganishia haukubadilika. Katika viwanda vilivyopunguziwa mishahara uliongezeka, lakini pale palipotolewa maelezo ya kina na ya heshima uliongezeka kidogo sana ukilinganishwa na pale watu walipoambiwa kwa mkato. Mishahara iliporudishwa, wizi nao ulishuka.

Wanafunzi wa sayansi watambue uzuri wa uchunguzi huu, na udhaifu wake pia. Uzuri wake ni kwamba kitu kimoja, yaani namna ya kueleza, kilibadilishwa huku punguzo likibaki lile lile, na lilikuwapo kundi la kulinganishia. Udhaifu wake ni kwamba viwanda vilikuwa vitatu tu, na wafanyakazi hawakugawanywa mmoja mmoja kwa bahati nasibu. Pamoja na hayo, funzo lake ni zito: heshima haikumlipia mtu kodi ya nyumba, lakini ilipunguza kisasi.

KUTOKA WIZI WA VIFAA HADI WIZI WA MUDA

Muda nao ni mali ya kiwanda. Mwaka 2002 Vivien Lim wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore alichapisha utafiti juu ya wafanyakazi waliotumia intaneti ya mwajiri kwa mambo yao binafsi. Alichotaka kujua ni namna watu wanavyojihalalishia tendo hilo katika nafsi zao. Aligundua kwamba walioona kuwa mwajiri hawatendei haki walikuwa wepesi zaidi wa kutoa hoja ya daftari la hesabu: mfanyakazi husema moyoni kwamba amekwisha kuweka akiba ya kutosha kwa saa za ziada alizofanya bila malipo, na sasa anachukua kidogo kutoka katika akiba yake. Na wenye hoja hiyo walikuwa wepesi zaidi wa kupotelea mtandaoni.

Utafiti huo ulitegemea majibu ya hojaji, na kwa hiyo unaonyesha uhusiano; hautoshi peke yake kuthibitisha kwamba jambo moja limesababisha lingine. Lakini unapowekwa kando ya uchunguzi wa viwanda vitatu, picha huanza kukamilika.

Yafaa kuongeza kwamba si kila dakika ya intaneti ni hasara. Mwaka 2012 Lim na Don Chen walionyesha kwamba kupitia kurasa za intaneti kwa muda mfupi kulihusiana na hali njema ya moyo, ilhali kusoma na kujibu baruapepe binafsi kulihusiana na hali mbaya. Tofauti hiyo inaeleweka. Kupitia kurasa ni sawa na kunyoosha miguu, lakini ujumbe wa jamaa anayedai ada au anayetoa habari za msiba huongeza mzigo mwingine juu ya mzigo wa kazi.

MOYO NAO HUWEKA HESABU

Kama madhara ya dhuluma kazini yangeishia kwenye muda uliopotea, lingekuwa suala la wahasibu. Lakini mwili nao huweka hesabu zake. Mwaka 1985 jijini London ulianza utafiti mkubwa wa afya ya watumishi wa serikali ujulikanao kama Whitehall II, ulioongozwa na Michael Marmot. Ulihusisha watumishi 10,308 wenye umri wa miaka 35 hadi 55, nao ulifuatilia afya zao kwa miaka mingi. Watumishi waliokuwa na uwezo mdogo wa kuamua juu ya kazi yao walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo.

Mwaka 2005 Mika Kivimäki na wenzake walitoa matokeo mengine kutoka katika utafiti huo, yaliyowahusu wanaume. Watumishi walikuwa wameulizwa maswali mepesi: je, hulaumiwa bila haki? Je, mkubwa wao huwa tayari kusikiliza matatizo yao? Je, habari wanazopewa na wakubwa hulingana? Je, husifiwa wanapofanya vema? Walioonyesha kwamba wanatendewa haki kwa kiwango cha juu walikuwa na hatari ya ugonjwa wa moyo iliyo pungufu kwa takriban thuluthi moja, wakilinganishwa na waliopata haki kwa kiwango cha chini au cha kati. Tofauti hiyo ilibaki hata baada ya kuzingatiwa cheo, uvutaji wa sigara, unene na shinikizo la damu.

Wanafunzi wa Biolojia wanaweza kuieleza njia inayoaminiwa kuleta matokeo hayo. Mtu anapohisi tishio, tezi za adrenali zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kortisoli katika damu. Mapigo ya moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, na sukari huachiliwa ili misuli ipate nguvu. Utaratibu huo ni mzuri kwa mtu anayekimbia nyati. Kwa mtu anayedhalilishwa mbele ya wenzake kila Jumatatu, naye hawezi kukimbia wala kupigana, utaratibu huo huo huchakaza moyo na mishipa.

Tena wingi wa saa wenyewe una bei yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba katika mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo uliotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki.

FUNZO LILILOMO NCHINI

Hapana haja ya kudhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, uliwakataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Baada ya kutolewa kwake, kati ya mwaka 1971 na 1973, wafanyakazi wa viwanda na mashirika kadhaa waliacha kazi kwa muda, na mara nyingi lalamiko lao lilihusu jeuri na lugha chafu za mameneja kuliko mshahara. Wafanyakazi hao hawakuwa wamesoma nadharia yoyote ya haki ya heshima. Waliijua kwa kuikosa.

Sheria za leo pia zimeweka misingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya dakika 60 kwa afanyaye kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Imesema pia kwamba mtu asiachishwe kazi pasipo sababu halali na utaratibu wa haki. Misingi hiyo ni mizuri. Swali lililo gumu zaidi ni la saa ambazo hazionekani.

HESABU YA PANDE MBILI

Saa za kazi leo zinavuja kutoka pande zote mbili. Mfanyakazi huingiza mambo ya nyumbani ofisini kwa simu yake, na ofisi huingia nyumbani kwake kwa simu hiyo hiyo. Mwalimu hupokea maagizo katika kundi la WhatsApp saa tatu usiku, hutuma taarifa kwa bando alilonunua mwenyewe, na asubuhi huulizwa kwa nini alikuwa akitazama simu.

Chukuliwe mfano wa kubuni. Mfanyakazi hutumia dakika 20 za kila siku ya kazi kwa mambo yake, siku sita kwa wiki: jumla saa 2. Ujumbe wa kazi humchukulia dakika 30 kila jioni, siku saba: jumla saa 3 na nusu. Mwajiri anadaiwa saa 1 na nusu kwa wiki. Kwa wiki 48 za kazi katika mwaka, deni ni saa 72, yaani zaidi ya wiki moja na nusu za kazi. Mfano huo ugeuzwe sasa: mfanyakazi hutumia saa nzima kila siku, na mwajiri hamsumbui jioni. Anayedaiwa ni mfanyakazi: saa 6 kwa wiki, saa 288 kwa mwaka, yaani zaidi ya wiki sita. Hesabu hii haimpendelei mtu, na ndiyo maana inafaa ifanywe kabla ya kutoa hukumu. Ufaransa, kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2017, imeyataka makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi kuzungumza na wafanyakazi juu ya haki ya kutosumbuliwa nje ya saa za kazi.

JE, UPELELEZI NI DAWA?

Mwezi Septemba mwaka 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua shauri la mhandisi mmoja wa Romania. Alifukuzwa kazi mwaka 2007 kwa kutumia akaunti ya mawasiliano ya kampuni kuzungumza na ndugu yake na mchumba wake, ilhali kanuni za kampuni zilikataza kabisa matumizi binafsi. Kampuni ilikuwa imeyanakili mazungumzo hayo. Majaji 11 dhidi ya 6 waliona kwamba haki yake ya faragha haikulindwa. Mahakama haikusema kwamba mwajiri hana haki ya kusimamia kazi. Ilisema kwamba mfanyakazi lazima aarifiwe mapema atachunguzwa namna gani na kwa kiasi gani, na kwamba kanuni za mwajiri haziwezi kuufuta kabisa uhai wa faragha mahali pa kazi. Hukumu hiyo haiifungi Tanzania, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu halali na iliyo bayana.

Zaidi ya sheria, upelelezi wa siri una kasoro ya kisayansi. Ikiwa chanzo cha kutegea ni hisia ya kutotendewa haki, basi kumpeleleza mtu kwa siri kunaongeza kile kile kilichosababisha dalili. Atakayefungiwa intaneti ya ofisi atatumia simu yake. Akinyang'anywa simu, atalitazama dirisha. Mwili utakuwapo kitini na moyo utakuwa kwingine, na hakuna programu ihesabuyo hilo.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Itasemwa kwamba wapo wavivu ambao hata wakitendewa haki kama malaika watategea. Ni kweli, na watu wa namna hiyo waonywe na waadhibiwe kwa utaratibu. Mwajiri anayewaachia huwadhulumu wachapakazi, maana ndio wanaobeba mzigo wao. Kuvumilia uzembe ni sehemu ya dhuluma kazini.

Itasemwa pia kwamba rai hii inawapa wafanyakazi kisingizio. Hapa pana jambo la kutamkwa wazi. Daftari la hesabu ambalo mfanyakazi huliweka moyoni mwake haliaminiki, kwa kuwa yeye ndiye karani, mkaguzi na mdai kwa wakati mmoja. Tena, katika kazi nyingi za umma, anayelipa deni hilo si yule aliyelikopa. Muuguzi aliyekosewa na mkuu wa hospitali akipotelea katika simu, anayelipa ni mgonjwa. Mwalimu aliyenyimwa stahili yake akitazama simu darasani, anayelipa ni mtoto wa kidato cha pili ambaye hakumnyima mtu kitu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini haki hiyo idaiwe kwa anayeishikilia, kupitia kikao, chama cha wafanyakazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

YAFAAYO KUTENDWA

Kwanza, kila mahali pa kazi pawe na kanuni ya intaneti iliyoandikwa, iliyojadiliwa na wafanyakazi kabla ya kupitishwa, na inayomhusu mkuu sawa na mhudumu. Kanuni inayomruhusu meneja kutazama mpira ofisini huku karani akiandikiwa barua ya kujieleza kwa kosa hilo ni mbegu ya mgomo baridi.

Pili, mapumziko yaliyowekwa na sheria yatolewe kweli, na ndani yake mtu aachwe huru na simu yake.

Tatu, kazi ipimwe kwa matokeo: masomo yaliyofundishwa, mafaili yaliyokamilika, wateja waliohudumiwa. Pale ambapo matokeo ni mema, dakika kumi za habari za mpira zisiwe shauri.

Nne, ijulikane ni saa ngapi maagizo ya kazi hukoma jioni, isipokuwa kwa dharura ya kweli, na anayetumia bando lake kwa kazi ya ofisi arudishiwe gharama.

Tano, uamuzi mchungu uelezwe kwa ukamilifu na kwa heshima. Hili halihitaji fungu katika bajeti, na uchunguzi wa viwanda vitatu umeonyesha lina thamani gani.

Walimu wa sekondari wanaweza kuanza wao wenyewe. Kwa wiki mbili, chumba cha walimu kiweke rekodi bila majina: dakika za kazi zilizotumiwa kwa mambo binafsi, na dakika za nyumbani zilizotumiwa kwa kazi ya shule. Wanafunzi wa Hisabati wapewe tarakimu hizo wachore jedwali na kutafuta wastani. Kisha mkuu wa shule na walimu wake wakae pamoja, jedwali likiwa mezani. Huenda ikaonekana kwamba shule inawadai walimu, au kwamba walimu wanaidai shule. Lolote litakaloonekana, mazungumzo yatakuwa yameanza kwa kipimo ambacho pande zote mbili zimeshiriki kukitengeneza, na hayo ni mazungumzo ambayo kufuli la intaneti haliwezi kuyaanzisha.